Glukosi ni sukari au ni dawa? Jibu kwa dada wa Nkuhungu

Dada mmoja wa Nkuhungu hapa Dodoma kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Habari za kazi. Baba yangu ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Juzi kliniki nesi katuambia tununue glukosi ya unga baba awe anatembea nayo. Baba kagoma kabisa, anasema miaka yote mnanikataza sukari leo mnaniwekea sukari mfukoni. Nikasoma pakiti nikakuta imeandikwa dextrose, nikazidi kuchanganyikiwa. Af wifi yangu mtoto akiharisha anamkorogea hiyo hiyo glukosi, na yeye mwenyewe akichoka anakunywa. Sasa hii kitu ni sukari au ni dawa?"

Dada, kwanza nipelekee shikamoo kwa mzee, na umwambie mfamasia kasema hasira yake ina msingi. Glukosi ni sukari. Sio kitu kinachofanana na sukari, ni sukari yenyewe, tena ndo ile ile ambayo mashine ya kidoleni inaipima kila akitobolewa. Lakini nesi naye hajakosea hata kidogo, na alichowaambia kinaweza kuokoa maisha ya mzee siku moja, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho hata kama ni refu.

Jina kwanza ili tulimalize. Dextrose na glukosi ni kitu kimoja. Mwaka 1747 mkemia mmoja Mjerumani anaitwa Andreas Marggraf alitoa sukari kwenye zabibu kavu akaona haifanani na sukari ya miwa, na jina la glukosi likaja baadaye huko Ufaransa mwaka 1838, limetokana na neno la Kigiriki la juisi tamu ya zabibu inayokamuliwa kutengeneza mvinyo. Wajerumani mpaka leo wanaiita sukari ya zabibu. Mimi hapo huwa nafurahi sana kwa sababu sisi wa Dodoma ndo watu wa zabibu nchi hii, yani ukila zabibu za Hombolo zile zilizoiva vidole vikanata, karibu nusu ya ule utamu ni glukosi na nusu nyingine ni ndugu yake anaitwa fruktosi. Dekstrosi ni jina lililokuja kwa sababu maji ya glukosi yakipitishiwa mwanga wa aina fulani yanaupindisha kuelekea kulia, na kulia kwa Kilatini ni dexter. Basi. Viwandani wanapenda kuandika dextrose kwenye pakiti, hospitali wanaandika dextrose kwenye chupa za dripu, mtaani tunasema glukosi, hakuna tofauti.

Sasa kwa nini inaitwa sukari rahisi. Ni kwa sababu haina cha kuvunjwa tena tumboni. Sukari yetu ya chai ni molekyuli mbili, yani chembe mbili ndogo kabisa, zimeshikana, glukosi moja na fruktosi moja, ikifika kwenye utumbo mdogo lazima ikatwe kwanza ndo iingie. Fruktosi ikishaingia inakwenda kwanza kwenye ini, haipandishi haraka ile sukari inayosomwa na mashine. Glukosi yenyewe haihitaji kukatwa, inaingia damuni hivyo hivyo ilivyo. Na kwa utamu wala sio tamu kuliko sukari ya chai, ukionja utaona utamu wake uko chini, kama robo tatu hivi ya ule wa sukari ya kawaida. Watu wengi wanadhani glukosi ni sukari kali zaidi. Utamu wake ni mdogo, kinachoitofautisha ni haraka yake. Haraka ndo kila kitu kwenye hii stori.

Nikuongezee kidogo hapa kwa sababu linamhusu mzee moja kwa moja. Ugali nao ni glukosi. Wanga wote, uwe wa mahindi, mtama, uwele, muhogo, ni minyororo mirefu ya glukosi imeungana mamia kwa maelfu. Mpe mzee kipande cha ugali mkavu bila mboga akitafune taratibu dakika moja au mbili bila kumeza, ataanza kusikia utamu kwa mbali, hiyo ni mate yanakata minyororo. Bibi zetu walijua jambo hili bila kusoma kemia: wakitaka togwa wanaotesha mtama au uwele unakuwa kimea, wanasaga, wanakorogea kwenye uji, na uji unakuwa mwepesi na mtamu bila kuwekwa hata punje ya sukari, kwa sababu mbegu ikiota inatoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari ndogondogo. Kwa hiyo nikikutana na mgonjwa ananiambia daktari mimi sukari nimeacha kabisa hata chai nakunywa kavu, halafu anakula ugali mlima mchana na usiku, namwambia ulimi wako umeacha sukari lakini damu yako bado. Simaanishi mzee aache ugali, namaanisha ukubwa wa tonge na mboga za pembeni ni jambo la kuangalia kwa umakini ule ule, na mlenda na maharage hapo ni rafiki zake.

Na asali pia. Nasikia sana mtu kanunua asali ya Itigi au Manyoni, ikifika mwezi wa 6 wa 7 usiku Dodoma ikiwa na baridi asali inaganda chini chembechembe nyeupe, anasema nimeuziwa sukari. Sio lazima. Asali ina glukosi kama asilimia 30 na fruktosi inakaribia 40, na glukosi haipendi kukaa kwenye maji machache hivyo, inajitenga inaganda yenyewe. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Ila kwa mzee asali inahesabiwa ni sukari, asidanganywe na mtu kwamba ni ya asili kwa hiyo haina shida.

Haya, turudi kwa mzee na mfuko wake.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ukichukua glukosi yote inayozunguka kwenye hiyo damu ya mtu mwenye afya kabla hajala chochote asubuhi, ukaipima kwenye mizani, haifiki hata gramu 5. Ni kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima, kijiko kimoja. Na ubongo peke yake unakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kile kijiko kinatakiwa kijazwe muda wote, ini ndo linafanya hiyo kazi, lina akiba yake ya kama gramu 100 linatoa kidogo kidogo usiku ukiwa umelala. Mimi nilipoelewa hili nikiwa bado mwanafunzi lilinibadilisha namna ya kuongea na wagonjwa mpaka leo. Ukijua kwamba ni kijiko kimoja tu, unaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwa nini sukari nyingi kila siku inamuumiza mwenye kisukari, na kwa nini sukari ikishuka hata kidogo mtu anaanguka.

Kwa sababu insulini haisubiri. Mzee akishachoma sindano, ile dawa inafungua milango ya misuli na mafuta glukosi iingie, iwe amekula au hajala. Siku amechoma halafu chakula kikachelewa, au ametembea kwa miguu jua kali kutoka soko la Majengo, au ametapika, au amefunga bila kuongea na daktari wake, sukari inateremka. Dalili zake anatetemeka, jasho linamtoka la baridi, moyo unaenda mbio, njaa ya ghafla, anakuwa mkali bila sababu au anaongea vitu havieleweki, macho yanafifia. Watu wanaweza kudhani kalewa. Nimeshaona mzee mmoja anacheka cheka peke yake nje ya duka watu wanampita, kumbe mashine inasoma 2.4 (kwa kipimo cha mmol/L), yani sukari imeshuka mno.

Na dawa sio insulini tu. Vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi vinaweza kushusha hivyo hivyo, tena vinashusha kwa masaa mengi hasa kwa wazee na wenye figo zisizofanya kazi vizuri. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni mara chache sana kuishusha.

Hapo ndo glukosi inageuka kuwa dawa. Mashine ikisoma chini ya 4, au hana mashine lakini dalili ndo hizo, apewe gramu 15 za glukosi, kwa ule unga ni kama vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, akoroge kwenye maji nusu glasi anywe. Asubiri dakika 15. Apime tena, bado iko chini ya 4 arudie tena kiasi kile kile. Ikishapanda ale kitu cha kukaa, kipande cha mkate, uji, kiporo cha ugali, kilichopo, kwa sababu glukosi imekuja haraka na itaondoka haraka. Hakuna glukosi karibu, sukari ya kawaida vijiko 4 inafanya kazi, soda ya kawaida nusu glasi inafanya kazi, sio ile isiyo na sukari maana hiyo haitasaidia chochote. Chokoleti msimpe wakati huo, ina mafuta, mafuta yanachelewesha tumbo na nyie mnashindana na muda.

Tafadhali shika hili kuliko yote: akiwa amezimia au hawezi kumeza msimmiminie kitu chochote mdomoni, hata kijiko, kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, pale watampa glukosi kwenye mshipa na mara nyingi anaamka ndani ya dakika chache akishangaa kwa nini watu mnalia.

Kwa hiyo mwambie mzee hivi, baba ile pakiti sio ya kunywea, sio ya kuwekea kwenye chai siku ukiona sukari ya nyumbani imeisha, ni kama ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, inakaa pale mwaka mzima bila kuguswa na tunamshukuru Mungu. Ile sukari ya chai tunayokukataza ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hii ni ya siku moja mbaya. Nadhani akielezwa hivyo kwa heshima, tena na wewe binti yake bila kumgombeza, atakubali. Na kama inamshuka mara kwa mara msizoee kumpa glukosi mkaendelea na maisha, rudini kliniki wapunguze dozi.

Sasa wifi. Hapa nitaongea kwa nguvu kidogo, anisamehe, najua anafanya kwa mapenzi.

Mtoto anayeharisha kupewa maji ya glukosi peke yake sio sahihi, na ikikorogwa nzito inaweza kumzidishia. Sukari nyingi tumboni bila chumvi inavuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, kwa hiyo unaona umempa kikombe kimoja katoa viwili. Anachohitaji ni ORS, ile pakiti ya kukoroga kwenye maji, na cha ajabu ni kwamba ndani ya ORS glukosi imo. Siri iko kwenye kuchanganywa na chumvi. Kwenye kuta za utumbo mdogo kuna mlango ambao glukosi haipiti peke yake wala chumvi haipiti peke yake, vinapita vikiwa vimeshikana mkono, na vikipita maji yanavifuata nyuma. Mlango huu unabaki unafanya kazi hata kwenye kipindupindu, utumbo umechafuka wote lakini ule mlango uko wazi. Mwanasayansi Robert Crane ndo aliyeeleza mwaka 1960 kwamba glukosi na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, zinapita pamoja, na mwaka 1971 wakati wa vita vya Bangladesh, kwenye kambi za wakimbizi upande wa India, daktari Dilip Mahalanabis dripu zikamuishia kipindupindu kinaua watu, akaamua kuwanywesha maji yenye glukosi na chumvi kwa kipimo. Vifo pale kambini vilishuka kutoka karibu watu 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Glukosi na chumvi, dada. Mimi sijui vitu vingi vya bei ndogo hivyo vilivyookoa watoto wengi hivyo.

ORS ya sasa hivi, ile ambayo Shirika la Afya Duniani wameipitisha tangu mwaka 2002, kwenye lita moja ina glukosi gramu 13.5 tu, na imepangwa ili molekyuli za glukosi na za sodiamu ziwe sawa kwa sawa. Ndo maana nasisitiza mtu asiongeze sukari eti mtoto haipendi, ukiongeza umeharibu ule usawa. Soma pakiti imeandikwa maji kiasi gani, pima kwa chupa, maji yawe safi na salama, mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, ikipita siku moja mwaga koroga nyingine. Mkikosa pakiti usiku, lita moja ya maji safi, sukari ya kawaida vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai, hiyo itawavusha mpaka asubuhi. Aendelee kunyonya, aendelee kula, na apewe vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14. Macho yakizama, hakojoi, analegea, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, hapo hakuna kukoroga tena, ni hospitali.

Na kama huyo mtoto hajafika miezi 6 asipewe maji ya glukosi kwa sababu yoyote ya nyumbani, wala yale ya "kusafisha tumbo" wanayopewa vichanga. Maziwa ya mama yana sukari yake tayari.

Kuhusu yeye mwenyewe kunywa akichoka, sitamkataza kama hana kisukari, ila ajue anachokunywa. Gramu moja ya glukosi ina kalori 4 kama sukari nyingine yoyote, hakuna nguvu ya siri mle ndani. Mchezaji anayekimbia zaidi ya saa moja, au mtu kalima shamba tangu alfajiri, inamsaidia kweli kwa sababu misuli inaimaliza pale pale. Mtu aliyekaa ofisini Mji wa Serikali kutwa nzima kachoka na kompyuta, sukari itapanda, insulini itatoka, itashuka, na saa moja baadaye uchovu uko pale pale. Kuchoka kila siku kuna sababu yake, inaweza ikawa damu pungufu, usingizi, tezi ya shingo, ujauzito, hata kisukari chenyewe, na hicho ukikinywea glukosi unajichochea moto. Na glukosi haiongezi damu. Naomba hili nalo lisambae kwa kina mama wajawazito, damu inahitaji madini ya chuma na foliki asidi, zile zinazotolewa kliniki, pamoja na nyama, dagaa, maharage, mboga za majani. Pakiti nyingine za glukosi zimeongezwa vitamini kidogo, bado sio dawa ya damu.

Dripu hivyo hivyo. Kuna watu wanaenda zahanati wanasema niwekeeni dripu ya nguvu, na kuna mahali wanawekewa kweli, wanalipa, wanaondoka wanasema wamepona. Ile chupa ya kawaida ya nusu lita imeandikwa asilimia 5, maana yake ina glukosi gramu 25. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi. Kwa hiyo umetobolewa mshipa, umelala masaa, umelipa hela, kupata sukari ambayo haifiki hata soda moja. Dripu ya glukosi ina kazi zake hospitalini, mgonjwa asiyeweza kula, sukari iliyoshuka, mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari yake inaporomoka, na hapo daktari ndo anaamua aina na kiasi. Mtu anayetembea na kula kwa mdomo wake hana sababu ya kuchomwa.

Kazi zingine nitazipitia haraka. Wajawazito kwenye kipimo cha kisukari cha mimba wanaweza kupewa maji matamu wanywe, mara nyingi ni glukosi gramu 75, halafu wanapimwa damu baada ya saa moja na masaa mawili, kwa hiyo ukiambiwa uje bila kula usitoroke. Viwandani glukosi ya majimaji inayotokana na wanga wa mahindi inawekwa kwenye pipi na biskuti ili sukari isigande chembechembe na keki isikauke. Na hamira chakula chake ni hiyo hiyo glukosi, mvinyo wetu wa Dodoma ni glukosi na fruktosi ya zabibu imeliwa na hamira ikageuka kilevi na hewa.

La mwisho la vitendo kwa mzee. Ule unga ukipata unyevu unashikana mabonge na pakiti ya mfukoni inachanika, kwa hiyo pimeni vijiko 4 mfunge kwenye mfuko mdogo safi wa plastiki, tengenezeni mitatu, mmoja mfuko wa koti, mmoja karibu na kitanda, mmoja pale anapokaa jioni na wenzake, na wenzake hao waambiwe. Wajukuu nao waonyeshwe ilipo. Kabla ya kununua uangalie tarehe ya kuisha, na kama duka la dawa la karibu yenu hawana, nunueni sukari ya kawaida mfunge hivyo hivyo leo leo, msisubiri.